Anza na Pakacha

Anayetaka kumfundisha mtu ususi kwa mara ya kwanza hukimbilia ukindu, kwa kuwa ndio wenye jina. Nami nilianza hivyo. Nilinunua ukindu uliokwisha kukaushwa na kutiwa rangi, nikawagawia wanafunzi 6, nikawaonyesha ukili wa chane 7. Baada ya saa mbili kila mmoja alikuwa na kipande kisichozidi shibiri, kimepinda kama mkia wa kenge. Wiki iliyofuata hakurudi hata mmoja.

Siku hizi naanza na kuti bichi la mnazi. Kwetu pwani halinunuliwi, majani yake ni mapana, na somo moja latosha kutoa pakacha la kubebea maembe. Mtu akienda kwao na chombo mkononi, atarudi.

Kata kipande cha kuti chenye majani 16 upande mmoja. Upasue upongoo, ule uti mnene wa kati, upate ukanda mwembamba wenye majani upande huo tu. Ukiuacha mnene utavunjika badala ya kupinda. Na kazi ya panga ifanye wewe, hasa ukiwa na watoto. Kunja ukanda uwe duara, majani yakining'inia, kisha funga ncha zake kwa kamba. Sasa jani moja lielekee kulia, linalofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka duara liishe. Kila jani la kulia lipite juu ya moja la kushoto, chini ya linalofuata, juu tena. Majani yakibaki mafupi, bana pande mbili za pakacha zikutane, uyasuke kwa mafungu matatu kama nywele, ukiokota majani mapya kila hatua, umalizie kwa fundo.

Keti ubavuni mwa mwanafunzi. Ukikaa mkabala naye, kulia kwako ni kushoto kwake, na hapo ndipo vurugu huanza. Aliye mashoto ndiye wa kukaa naye uso kwa uso: atakufuata kama anayejitazama kwenye kioo. Na akikosea, usimpokonye kazi ukamnyooshea. Mwonyeshe palipoharibika, kisha afumue mwenyewe hadi hapo. Najua inavyowasha vidole kumtazama mtu akihangaika na kitu ambacho wewe ungekimaliza kwa dakika moja. Vumilia.

Asiye na mnazi karibu atafute mikanda ya plastiki inayofungia katoni, ambayo wenye maduka huitupa. Chukua rangi mbili, mikanda 8 ya kila rangi, moja wima na nyingine mlalo. Mkanda uliopita pasipo pake utaonekana mara moja. Hainyauki, na hata ikifumuliwa mara kumi haichoki. Ubaya wake ni kuteleza na kufyatuka, kwa hiyo bana kingo kwa vibanio vya nguo. Magome makavu ya mgomba nayo yafaa, ila yachovye tu na kuyakamua. Yakilala majini yatakatikakatika.

Unyevu ndio unaowashinda wengi wakifika kwenye ukindu. Mkavu hupasuka, na uliolowa chepechepe husukika vizuri sana, halafu ukikauka husinyaa na kuacha matundu ya kupitisha mchele. Nyunyizia maji, uufunge ndani ya kanga mbichi kwa muda, kisha ujaribu chane moja: izungushe kidoleni. Ikikunjika bila kulia wala kutoa maji, anza. Toa chache chache, zilizobaki ziendelee kufunikwa.

Ukili wa kwanza uwe wa chane 5, si 7. Chane ikikaribia kuisha, pachika mpya chini yake, zisafiri pamoja hatua mbili tatu, kisha uiache ya zamani. Usipachike mbili mahali pamoja, kwani hapo patavimba. Ncha zinazochomoza zisikatwe mpaka ukili uishe na kukauka.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, wanafunzi wengi huja na hesabu za kuuza vikapu. Siwakatazi, lakini kikapu kimoja hula pima nyingi za ukili, na mkono wa mgeni huenda polepole. Kwanza nataka pima moja, yaani mikono minne, yenye upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi aizungushe ubapa kuanzia katikati, aishone kingo kwa kingo kwa sindano nene na uzi wa ukindu, ukingo wa ndani akiuvuta kidogo ili kitako kisiinuke kama kawa. Atapata kitu cha upana wa sahani, cha kuwekea sufuria ya moto mezani.