Tumbo la Mtoto Likikaza Kama Ubao

Sisi wa sehemu ya Biolojia-Kemia tunawaletea somo juu ya tumbo. Siyo lile la mtihani, ambalo kila mmoja wetu ameshajua kulichora ubaoni na mishale yake. Tunasema tumbo la mtoto nyumbani, lile linalouma usiku, wakati baba yuko ziwani kuvua ndagala na mama anatutazama sisi kwa sababu eti tumesoma.

Kilichotusukuma ni hiki. Likizo iliyopita mdogo wa mmoja wetu, mtoto wa miaka minane, huko juu upande wa Fizi, alishikwa na homa wiki mbili. Walisema ni malaria, akapewa vidonge. Homa ikashuka kidogo, ikarudi. Asubuhi moja tumbo likamkata ghafula, likavimba, likakaza kama ubao. Jirani akampiga bomba ya majani mara mbili, akisema uchafu utatoka. Hakuna kilichotoka. Siku ya tatu ndipo walipombeba kwa tipoyi. Muganga alipomfungua alikuta tundu katika utumbo mdogo, na maji machafu tumbo zima. Mtoto alipona, lakini alilala hospitali zaidi ya mwezi, na mbuzi wa nyumbani wakaisha.

Tukauliza: ni nini kilichotoboa utumbo? Ni homa ya matumbo, ile tunayoita tifoidi. Kijidudu chake, Salmonella Typhi, kinaingia kwa kinywa, katika maji au chakula kilichoguswa na mavi ya mtu mwenye ugonjwa. Kinashuka mpaka mwisho wa utumbo mdogo, pale penye vivimbe vidogo ambavyo kazi yao ni kuulinda mwili. Kinazaana mule mule ndani ya walinzi. Vivimbe vinafura, vinakufa, vinaacha vidonda. Mara nyingi ni katika wiki ya pili au ya tatu ya homa kidonda kimoja kinapita ukuta wote, na kinyesi kinamwagika tumboni. Hapo misuli ya tumbo inajikaza yenyewe ili kulinda kilicho ndani. Mtoto analala kimya, hataki hata kugeuzwa. Angalieni vizuri: anayelia na kugaagaa mara nyingine ana nafuu kuliko huyu aliyenyamaza.

Siyo habari ya kijiji kimoja. Huko Kinshasa, kuanzia mwisho wa Septemba 2004 mpaka Januari 2005, walihesabiwa wagonjwa 42.564 wa homa ya matumbo; 696 walipata kutoboka au uchafu tumboni, na 214 walikufa. Ng'ambo ya Ruwenzori, Kasese katika Uganda, kati ya mwisho wa 2007 na Julai 2009, kati ya wagonjwa 577 utumbo ulitoboka kwa 249. Kote kule maji ya kunywa yalikuwa machafu. Sisi tunaokunywa maji ya mto na ya Ziwa Tanganyika bila kuchemsha tusijione mbali.

Sasa, matibabu. Hakuna kidonge kinachofunga tundu. Lakini muganga hakimbilii kisu saa ile ile, na jambo hili lilitushangaza. Kwanza anatia maji katika mshipa wa damu, maana mtoto amekauka. Anatia dawa ya kuua vijidudu. Anapitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni ili kutoa yaliyomo. Mtoto akilazwa usingizi na tumbo limejaa anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Ndiyo maana tunakatazwa kumpa uji njiani, hata akiomba.

Saa chache baadaye ndipo anapasuliwa katikati ya tumbo. Uchafu unanyonywa, matumbo yanaoshwa kwa lita nyingi za maji ya chumvi yaliyo safi na yenye vuguvugu, kisha yanakaguliwa yote, maana pengine matundu ni mawili au matatu. Tundu moja linashonwa. Yakiwa mengi mahali pamoja, kipande kinakatwa na ncha mbili zinaunganishwa. Na kama ukuta umeoza hata uzi haushiki, utumbo unatolewa nje kwenye ngozi ya tumbo, kinyesi kinapokelewa katika mfuko, na baada ya wiki au miezi unarudishwa. Mwenzetu mmoja alicheka aliposikia hayo. Muganga akamwambia kwamba yeye ameona mtoto wa namna hiyo akirudi kumsalimu na mpira mkononi.

Na bomba? Maji yanayosukumwa kwa nguvu yanaweza kumaliza kutoboa ukuta uliokwisha kulainika, na majani mengine ni sumu. Ubaya mwingine ni siku zinazopotea. Bibi zetu walitupenda walipotupiga bomba, hatubishi; lakini tumbo lililokaza siyo tumbo la bomba.

Ziko sababu nyingine za tumbo kufunga. Kwa mtoto mchanga, hasa kati ya miezi minne na kumi, kipande cha utumbo kinaweza kuingia ndani ya kipande kinachofuata, kama soksi inayojikunja. Analia kwa vipindi, anakunja miguu, ananyamaza, analia tena; mwishoni anatoa damu na makamasi. Muganga anapomfungua anausukuma utumbo utoke kwa upande wa mbele. Hauvuti, kwa sababu ukivutwa unapasuka. Ukiwa umekufa, unakatwa.

Minyoo nayo hufunga. Mnyoo jike mkubwa hufika sentimita 35 na hutaga mayai kama 200.000 kwa siku. Ikijikusanya kama kamba iliyofungwa, chakula hakipiti. Mara nyingi maji ya mshipa na mpira wa puani vinatosha, ikishindikana ndipo kisu. Dawa ya minyoo ni nzuri, lakini siyo siku tumbo limefunga.

Kitovu kikubwa cha mtoto kisitutishe. Wengi hupona wenyewe mbele ya miaka mitano, na kukifunga kwa sarafu hakusaidii kitu. Uvimbe wa kinena, huo unaoitwa mshipa, haujifungi wenyewe: unataka kushonwa. Ukigeuka mgumu, unauma, na mtoto anatapika, ni safari ya leo, siyo ya kesho.

Hospitali zipo Nundu, Baraka na Fizi. Tulimwuliza muganga ni kitu gani kinachochelewesha watoto wengi, tukidhani atasema barabara. Alisema barabara ni ya pili. Ya kwanza ni kumngoja baba arudi ziwani ili akubali mtoto apasuliwe. Alituomba tumwulize kila baba sasa hivi, mtoto akiwa mzima: akiwa hayupo, nani aseme ndiyo? Mmoja wetu aliuliza nyumbani jioni ile ile. Baba yake alifikiri kidogo, akasema, «Mama yako.»