KUTU CHINI YA GARI LA MAZAO

Katika Karagwe na Kyerwa wako wakulima wapelekao kahawa na ndizi sokoni kwa pikapu kuukuu, ambayo pengine watu watatu au wanne wameinunua kwa ubia. Gari kama hilo ni mali kama ng'ombe au mibuni, nalo lataka kutunzwa. Somo hili laeleza jinsi ya kutengeneza chasisi na springi zilizoliwa na kutu.

Sababu ya kutu

Kutu hutokea chuma kikutanapo na maji na hewa. Wakati wa mvua, udongo wetu hunata katika pembe za chasisi na kushika unyevu hata siku za jua. Samadi na mbolea za chumvichumvi zikimwagika huzidisha ulaji huo. Tena magari mengine yaliyotumika Japani katika sehemu za theluji, ambako barabara hutiwa chumvi, huja kwetu yakiwa na kutu tayari.

Kupima

Yafaa kazi hii ifanywe mwanzo wa kiangazi, kahawa ikiwa bado yaanikwa. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe mahali pa sawa, magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa magogo, na chasisi iegemezwe juu ya stendi za chuma zilizo imara. Usitumie mawe wala matofali, maana hupasuka.

Osha udongo wote, gari likauke, kisha ugonge chasisi kwa nyundo ndogo toka mwisho hata mwisho, hasa pale springi zifungwapo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, na bisibisi yaweza kukitoboa.

Nalipata kuona gari moja lililopakwa rangi nyeusi nzuri juu ya kutu. Mwenyewe alifurahi, wala hakugonga. Mvua za vuli zilipokuja, kishikio cha springi ya nyuma kilikatika katika mteremko, gari likalala ubavu, na magunia ya kahawa yakapasukia matopeni. Kwa neema ya Mungu hapakuwa na mtu juu ya mzigo. Rangi iliuficha ugonjwa, haikuuponya.

Kutengeneza

1. Kutu ya juu juu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hata chuma king'ae. Siku ile ile paka rangi ya kuzuia kutu, na ikikauka, paka rangi ya juu mara mbili.

2. Palipotoboka pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndipo fundi wa kuchomelea atie bamba jipya lenye unene ule ule. Kwanza waya za betri zifunguliwe, na tangi na mabomba ya mafuta yaondolewe karibu na moto.

3. Pande la springi lililopasuka lisichomelewe. Moto huharibu ugumu wa chuma kile, nacho kitakatika tena. Sharti libadilishwe.

4. Bolti za umbo la U zilizoliwa zibadilishwe. Zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, kisha zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

5. Bomba la breki lililoliwa na kutu lisizibwe, litiwe jipya.

Kulinda

Wengine hupaka oili chafu chini ya gari. Oili hiyo huharibu bushi za mpira, ikifika kwenye breki gari halishiki, na ikidondoka huchafua udongo wa migomba na maji ya kisima. Iliyo njia njema ni kuosha chini kwa maji safi kila baada ya kubeba samadi au mbolea, na kuzibua matundu ya chasisi ili maji yatoke.

Basi, mkulima, kabla ya kununua kopo la rangi, shika nyundo kwanza.