Kuandikishwa si Kupokelewa

Wakaao kando ya Ziwa Tanganyika waijua vema meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915. Kwa miaka mingi ilipita mbele ya vijiji ambavyo vingi havikuwa na gati. Ilisimama mbali na ufuko, mitumbwi ikaikimbilia, na abiria wakashuka ubavuni mwake huku mawimbi yakiwatikisa. Kijana mwenye nguvu aliruka. Kipofu, mzee, mama mjamzito, na asiyeweza kutembea walingoja mikono ya watu. Wote walikata tiketi ile ile, lakini si wote waliofika nchi kavu kwa namna moja.

Twataka leo kutafakari pamoja na wazazi na vijana jambo linalofanana na hilo. Kila mwaka barua za kukubaliwa katika vyuo vikuu huwafikia vijana wetu. Miongoni mwao wamo wasioona, wasiosikia, wenye ualbino, na wale wanaotembea kwa magongo. Barua ile ni tiketi. Je, gati lipo?

Ziwa letu lina mfano mzuri wa kutufundisha. Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwaka 1879, wakati mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa. Miaka kumi baadaye alikuja kwao ziwani mtu aliyekuwa ameonja utumwa mwenyewe. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, Afrika ya Magharibi. Aliibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre huko Aljeria. Kama wangalimkomboa na kumwacha njiani, jina lake tusingalilijua. Lakini walimpeleka kisiwa cha Malta, ambako Lavigerie alikuwa amefungua mwaka 1881 nyumba ya vijana Waafrika waliokombolewa, wapate kusomea utabibu katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Huko walipata mahali pa kulala, walezi, na wenzao waliopitia taabu ile ile. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akafika Karema, kusini mwa Kigoma, mwaka 1889, akawatibu watu wa ufuko huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Walezi wake walimsaidia miaka michache. Ziwa likapata tabibu wa miaka 67.

Somo la kwanza ni hili: kumwokoa mtoto ni jambo moja, kumpa nafasi ya kuwa mtu kamili kati ya watu ni jambo la pili, na la kwanza bila la pili ni kazi nusu.

Mkoa wa Kigoma umeliona jambo hili kwa karibu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa tangu miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walikimbizwa shule ya msingi ya Kabanga, wilayani Kasulu, wapate hifadhi. Ukuta uliwalinda na mapanga, na tunawashukuru waliowapokea. Lakini hakuna mtoto aliyeumbwa akae nyuma ya ukuta maisha yake yote. Lazima pawepo njia itokayo Kabanga kwenda sekondari, na kutoka sekondari kwenda chuo kikuu. Kwamba njia hiyo yawezekana, twamwona Dakta Abdallah Possi, mwenye ualbino, aliyefundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wetu Ujerumani. Hata hivyo, tusiridhike na mmoja aliyepita. Mlango upitikao na shujaa peke yake bado ni mlango mwembamba.

Basi ni mambo gani yafanyayo gati katika chuo?

Kwanza, mahali penyewe. Darasa lililo ghorofani pasipo njia ila ngazi limekwisha kumfukuza mwenye kiti cha magurudumu, ijapokuwa hakuna aliyetamka neno la kumfukuza. Katika miaka hii ya 2020 Chuo Kikuu cha Muhimbili kimeanza kujenga tawi lake Kigoma. Huu ndio wakati wa kusema, maana njia ya mteremko iliyochorwa katika ramani ya jengo ni ya gharama ndogo, lakini ile inayodaiwa baada ya saruji kukauka ni ghali, na mara nyingi haijengwi kamwe.

Pili, masomo yenyewe. Mwenye ualbino, kwa kawaida, haoni vizuri kwa mbali, na mwanga mkali humwumiza macho. Miwani humsaidia, lakini haimalizi shida yake. Yeye ahitaji kiti cha mbele, maandishi makubwa, na kivuli. Asiyeona ahitaji vitabu vya nukta nundu au vya kusikiliza, na mwalimu asemaye kwa sauti kile anachoandika ubaoni. Asiyesikia ahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Wengine wahitaji muda wa ziada katika mtihani. Hayo hayamwongezei mwanafunzi maksi hata moja. Yanamwondolea tu mzigo ambao mwenzake hakuubeba.

Tatu, moyo wa mwanafunzi. Kijana aliyetoka Kasulu au Kibondo akashuka kwenye treni katika mji asiomjua mtu aweza kuwa na kitanda, mkopo, na vitabu, akakosa mtu wa kula naye. Akiitwa zeruzeru ukumbini, au wenzake wakigawana makundi ya masomo yeye akabaki pembeni, ataanza kulala mchana, kukwepa darasa, na kunyamaza. Ukimya huo wadhaniwa kuwa uvivu, kumbe ni huzuni. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 Bunge lilitunga sheria yake. Sheria yaweza kumlazimisha msajili kufungua mlango. Haiwezi kumlazimisha jirani wa bwenini kusema, "Karibu, ndugu yangu, tule." Hiyo ni kazi yetu.

Tumekwisha kuanza, wala hatuanzi na mikono mitupu. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950, na shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Pale pale Tabora, chuo kilichopewa jina la Askofu Mkuu Mihayo kimekuwa kikiwaandaa walimu wa elimu maalumu. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo Kigoma kwa wale ambao safari ndefu ni kikwazo kwao.

Yatupasa basi kila mmoja ashike lake. Mzazi, usimfiche mtoto, wala usimwambie kwamba darasa la saba lamtosha kwa sababu ya macho yake au miguu yake. Akichaguliwa chuo, mpeleke kwa daktari mapema apate hati, uieleze Bodi ya Mikopo hali yake, na uuandikie uongozi wa chuo kabla hajafika, ukitaja hasa anachohitaji. Mwanafunzi, mwulize mwenzako asaidiwe namna gani kabla ya kumshika mkono, maana msaada usioombwa waweza kuwa dharau. Mwalimu, toa maandishi ya somo kabla ya kipindi. Nanyi wakuu wa vyuo, waiteni wanafunzi wenye ulemavu wakae katika mabaraza yenu, maana avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Watoto waliokimbilia Kabanga wakati ule ni vijana sasa. Wengine wao, na wadogo zao, watabisha katika milango ya vyuo vyetu. Wasikute ndani mlango mwingine uliofungwa, usio na kufuli wala bawabu, uliofungwa na mazoea yetu tu.