Kungojea Kufanywa Wana

SABATO MCHANA

Somo la juma hili: Mwa. 48:1–20; Kut. 2:1–10, Mt. 1:18–25; 2:13–23; Rum. 8:14–25, Gal. 4:4–7.

Fungu la kukariri: Warumi 8:15. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili.

Fikiria mume na mke wageni wanaoishi Raskazone, mjini Tanga. Walikuja kwa kazi. Kutafuta mtoto hakukuwa katika mipango yao. Sasa ndani ya nyumba yao yumo mvulana wa miaka miwili, asiye na ndugu anayejulikana, ambaye maafisa wa ustawi wa jamii waliwakabidhi wamlee. Usiku humshushia chandarua. Asubuhi humbeba hadi Ngamiani kununua maandazi. Majirani, kwa desturi ya pwani, wamekwisha kumwita yule mke kwa jina la mtoto: Mama Amani.

Lakini mbele ya sheria yeye bado si mama wa Amani. Wao ni walezi wa kambo, na maombi yao ya kumwasili yapo mahakamani. Kusi imevuma ikapita, kaskazi imekuja. Wazee wao huko kwao wanauliza kila juma, “Mnarudi lini?” Kuondoka na mtoto hawana ruhusa, kuondoka bila yeye hawawezi hata kulisema.

Biblia ina mengi ya kuwaambia watu walio katika hali hiyo ya katikati, na kila muumini yumo ndani yake.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI
Kwa Nini Mlango Ni Mwembamba

Soma Mithali 31:8, 9 na Zaburi 68:5, 6. Ni nani anayesema kwa niaba ya mtoto asiyeweza kusema?

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka uamuzi wa kuasili mikononi mwa Mahakama Kuu. Mgeni anayeomba lazima awe ameishi nchini kwa miaka 3 mfululizo, asiwe na rekodi ya uhalifu, awe na taarifa ya ustawi wa jamii ya nchi yake inayomkubali kuwa mzazi, na aonyeshe kwamba nchi hiyo itaitambua amri ya mahakama. Mtoto naye lazima kwanza akae na walezi chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii.

Mtu mwenye haraka ataona haya yote kuwa usumbufu. Lakini pwani hii inajua maana ya mtoto kuvushwa ng'ambo pasipo mtu kuuliza. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka bara ilishuka Pangani ikiwa na pembe za ndovu na watu waliotekwa, watoto wakiwamo, na majahazi yakawachukua. Hata katika siku zetu hatari haijaisha: mwaka 2014 Kenya ilisimamisha watoto wake kuasiliwa na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unataka kwanza itafutwe njia ya mtoto kubaki na jamaa yake, kisha familia katika nchi yake, ndipo familia ya nchi nyingine.

Mlango ni mwembamba kwa sababu anayepitishwa ni mdogo. Umaskini wa jamaa peke yake si sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Je, kanisa lenu limewahi kuisaidia familia ili isilazimike kumtoa mtoto wake?

JUMATATU
Yusufu Ugenini

Soma Mathayo 1:18–25 na 2:13–23. Yusufu alifanya nini kwa mtoto ambaye hakumzaa?

Alimpa jina. Katika Israeli, baba aliyempa mtoto jina alimkiri mbele ya watu kuwa wake. Kisha usiku akaondoka naye na mama yake kwenda Misri. Maandiko hayasemi walikaa mji gani wala Yusufu alifanya kazi gani huko. Yanasema tu kwamba alipaswa kukaa mpaka aambiwe. Tarehe ya kurudi haikuwa mkononi mwake.

Hata alipoambiwa arudi, safari haikwenda kama alivyodhani. Alisikia Arkelao anatawala Uyahudi, akaogopa, akaelekezwa Galilaya. Mathayo hakuandika neno hata moja lililotoka kinywani mwa Yusufu. Ameandika kwamba aliamka, alimchukua mtoto na mama yake, alikwenda.

Kungojea kwa imani kuna kazi zake za kila siku: kupika uji, kumpeleka mtoto kliniki, kufungua mlango afisa anapokuja kukagua. Ni kazi ipi ndogo ambayo Mungu amekupa uifanye wakati unangojea jibu kubwa?

JUMANNE
Mama Wawili wa Musa

Soma Kutoka 2:1–10 na Waebrania 11:24–26. Musa alipokea nini kwa mama aliyemzaa, na nini kwa binti Farao?

Binti Farao alimwokoa, akampa jina na mahali pa kukaa. Lakini Mungu alipanga kwamba mtoto anyonyeshwe kwanza na mama yake mwenyewe, na Musa alipokuwa mtu mzima aliwajua ndugu zake.

Jirani Mwislamu wa Tanga anaweza kuwaambia wale walezi kwamba kumlea yatima ni thawabu kubwa, lakini nasaba yake isifutwe. Wasibishane naye haraka. Neno hilo lina hekima. Mtoto aliyeasiliwa asifichwe asili yake. Aende na Kiswahili chake, na jina alilokuja nalo, na habari zote za mwanzo wake zinazoweza kupatikana. Kumpenda mtoto ni pamoja na kuwaheshimu wale aliotoka kwao.

JUMATANO
Kama Reubeni na Simeoni

Soma Mwanzo 48:1–20. Kwa nini maneno ya Yakobo katika fungu la 5 yalikuwa makubwa kwa vijana wale?

Efraimu na Manase walizaliwa Misri, na mama yao Asenathi alikuwa Mmisri. Babu yao, naye mgeni katika nchi hiyo, aliwafanya wanawe, sawa na wazaliwa wake wa kwanza. Hawakupewa nafasi ya pembeni. Walipewa urithi, na makabila yakaitwa kwa majina yao.

Amri ya kuasili hufanya jambo kama hilo: mtoto huhesabiwa kana kwamba amezaliwa na wazazi hao katika ndoa. Familia isiseme tena “wetu” na “yule”.

ALHAMISI
Tumepokea, Tunangojea

Soma Warumi 8:14–25. Linganisha fungu la 15 na la 23. Paulo anawezaje kusema waumini wamekwisha kupokea, na bado wanatazamia?

Rudi Raskazone. Amani halijui faili. Hali chakula kidogo kwa sababu hukumu haijatoka, wala halali mlangoni. Akishtuka usiku huita, naye huitikiwa. Hata hivyo amri ile si kitu kidogo. Walezi wakifa leo, mtoto hana haki ya urithi kwao. Wakihamishwa kesho, yeye atabaki.

Ndivyo ilivyo kwa mwamini. Roho amekwisha kumfundisha kumwita Mungu Baba, lakini mwili bado unaugua, makaburi bado yanachimbwa, naye bado anaishi ugenini. Marejeo ya Kristo ndiyo siku ambayo yaliyoanza moyoni yatathibitishwa mbele ya ulimwengu wote.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Jaji wa duniani anaweza kukataa, na walezi wa kweli wanajua hivyo, lakini wanapenda bila kujiwekea akiba. Mungu hakuacha neno lake katika mashaka: alimtuma Mwanawe (Gal. 4:4–7).

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 2 Samweli 9, Esta 2:7 na Ruthu 4:13–17. Tazama katika kila habari nani alimpokea nani, na upokeaji huo ulimgharimu nini.

Maswali ya Kujadili

1. Katika jamii yetu watoto wengi hulelewa na shangazi, babu au jirani bila karatasi yoyote. Uzuri wa desturi hiyo ni upi? Ni wakati gani mtoto huumia kwa kukosa ulinzi wa sheria?

2. Mtu akimchukua mtoto ili asifiwe kuwa mwokozi wake, mtoto atabeba mzigo gani? Injili inaturekebishaje?

3. Kama maombi ya wale walezi yangekataliwa, darasa lenu lingewaambia nini Sabato inayofuata? Lingekaa nao vipi?