Kabla ya Kupanda Boti: Kuipanga Safari ya Kwanza ya Unguja



Kila likizo ndefu inapokaribia, wanachuo wenzangu hapa Bujumbura huanza kuulizana habari za Unguja. Nauli ni kiasi gani, tulale wapi, bahari ikoje. Mimi nimeshafika mara mbili, na anayeniuliza humjibu kwa swali: mtakaa siku ngapi kamili? Wengi hudhani naulizia pesa. Mimi naulizia swala, kwa sababu idadi ya siku ndiyo inayoamua mtaswali vipi mkiwa kule, na jambo hilo hupangwa kabla ya kukata tiketi.

Tuanze na ruhusa yenyewe. Aya ya 101 ya Suratun Nisaa inataja kupunguza swala safarini pamoja na hofu ya adui. Sayyidna Umar (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu hali ya amani, akajibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni. Wanazuoni wengi hukadiria masafa ya ruhusa kuwa kilomita 80 hivi, na kutoka Bujumbura hadi Unguja ni zaidi ya mara kumi ya hizo. Ruhusa inaanza ukishayaacha majengo ya mji wako. Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo.

Ugumu unakuja ukishafika. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu na ya wengi wa Wazanzibari, aliyenuia kukaa siku nne kamili mahali pamoja, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu anapofika. Chukua mfano. Mmeshuka botini Jumatano mchana na tiketi ya kurudi ni ya Jumatatu asubuhi. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni siku nne. Hapo hakuna kupunguza hata swala moja mkiwa mjini. Mkirudi Jumapili, siku kamili ni tatu, na ruhusa inabaki. Kwa Imam Abu Hanifa mpaka ni siku 15, na ndugu zetu Maibadhi, ambao utawakuta Unguja na misikiti yao, hupunguza maadamu hawajapafanya mahali hapo makazi. Kwa hiyo ukimwona mgeni mwenzako wa wiki nzima anaswali mbili, usimkatishe. Muulize kwanza anafuata kauli ya nani. Na kikundi kinachosafiri pamoja kikubaliane mapema, maana nimeona watu wakibishana haya kwenye korido ya nyumba ya wageni huku wakati wa Alasiri unakwenda.

Jambo la pili wengi hawalijui kabisa, nalo ni la saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo ukivuka mpaka wa Manyovu unasogeza saa mbele. Lakini Tanzania ni pana, na saa yao ni moja kutoka Kigoma hadi Unguja, ilhali jua halifuati saa ya serikali. Kwa wastani jua hupita katikati ya anga saa sita na dakika kama 23 pale Unguja, na kama saa saba kamili pale Kigoma. Tofauti ni dakika 38 hivi. Anayeswali Kigoma kwa ratiba ya pwani anaswali Adhuhuri kabla ya wakati wake kuingia, na swala hiyo haisihi. Anayefunga ni mbaya zaidi: atafuturu jua likiwa bado juu ya ziwa. Safari yangu ya kwanza tulikuwa na abiria mmoja, mzee mwema, aliyetuhimiza kuswali stesheni ya Kigoma kwa kalenda ya Dar es Salaam aliyoikunja mfukoni. Tulimwomba tutoke naye nje tuangalie kivuli cha nguzo. Kilikuwa bado kinafupika. Alicheka, akakaa tukangoja pamoja. Simu ina programu za nyakati, lakini hakikisha imekujua uko wapi. Isiyo na mtandao huendelea kukupa nyakati za mji wa jana.

Kibla nacho hugeuka. Sisi Bujumbura tunaelekea kaskazini tukiegemea mashariki, kama digrii 22. Unguja iko karibu kabisa kusini mwa Makka, kwa hiyo kibla ni kaskazini, karibu kunyooka. Aliyezoea kukisia kwa mazoea ya nyumbani atakosea akiwa chumbani peke yake. Msikitini haina shida, na Mji Mkongwe misikiti haiko mbali na mlango wowote.

Njiani chukua chupa ya maji ya udhu. Basi likisimama abiria wachimbe dawa, rakaa mbili zinatosha kuswaliwa kabla dereva hajapiga honi. Kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kunafaa kwa Imam Shafii. Ila ukitaka kuichelewesha ya kwanza, nuia hivyo wakati wake haujatoka. Boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Miezi ya kusi bahari huchafuka, na kusimama kwa swala huwa kazi. Afadhali kukusanya kabla ya kupanda au baada ya kushuka.

Makaratasi nitayapitia haraka. Pasipoti iwe mkononi hata bandarini Unguja, kwani wageni hukaguliwa tena pale ingawa wameshaingia Tanzania. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache. Tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima kwa wageni wa Zanzibar, basi uliza kiwango cha raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla ya kuondoka. Usitegemee kubadilisha faranga zetu kisiwani. Epuka masika, Machi hadi Mei. Tafuta nyumba ya wageni isiyouza pombe, zipo. Dada zetu wawaulize masheikh wao kuhusu mahram na kusafiri kwa kikundi kabla nauli haijalipwa, si baada.

Na mkifika, mwende wapi? Forodhani jioni mtakwenda tu, hata nisiposema (ulizeni bei kabla ya kuonja). Mimi ningeanzia Ukutani, alikofundisha Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki 1925, mwaka mmoja na Kadhi Ahmad bin Sumeit. Mji huu ndio pia uliomlea Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwenye tafsiri ya Qur'an iliyokamilika 1969. Wenye siku ya ziada wafike Kizimkazi Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Kisha nendeni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873. Najua baadhi yetu hupakwepa kwa sababu juu yake limejengwa kanisa. Mimi naona mwanachuo wa Kiislamu kutoka maziwa makuu ana haki zaidi ya kufika pale kuliko mtalii yeyote. Njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji ndiyo iliyoleta Uislamu na Kiswahili kwenye ziwa letu, na ndiyo iliyowashusha watu wa huku hadi pwani wakiwa mateka. Tippu Tip, aliyefariki 1905 na ambaye nyumba yake ingali Shangani, alikuwa Mwislamu, na aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Ukisoma historia hii ukiwa umesimama pale, huwezi kuipokea nusu yake tu. Chuoni huulizwa maswali haya na wenzetu wasio Waislamu, na jibu la kukwepa wanalitambua.

Ijumaa si wajibu kwa msafiri, ila kuikosa Unguja ukiwa na afya ni hasara. Alfajiri utasikia kunuti kwa Mashafii; kwa Maibadhi hutaisikia, na mikono yao huiacha chini.

Siku ya kurudi, ruhusa inakwisha unapoingia kwenye majengo ya mji wako. Isha utakayoiswali nyumbani Buyenzi ni rakaa nne, hata kama wakati wake ulikukuta bado uko njiani Rumonge.