Mafuta ya Kupikia: Yaliyoandikwa Kwenye Chupa na Yaliyomo Ndani

Katika maduka yetu mlaji hukuta chupa za mafuta ya alizeti, ya mawese na ya mchanganyiko zimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina kolesteroli. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii kuchagua. Kolesteroli, ambayo wengi huiita lehemu, hutengenezwa katika miili ya wanyama. Katika mimea imo kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo mafuta yote ya mimea, yawe bora au hafifu, yanaweza kudai sifa hiyo. Anayeongeza bei kwa ajili yake ananunua wino.

Linalofaa kuangaliwa ni umbo la mafuta yenyewe. Molekuli moja ya mafuta inafanana na kitana chenye meno matatu. Mti wa kitana ni gliseroli. Kila jino ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo wa atomu za kaboni, mara nyingi 16 au 18, zilizobeba atomu za haidrojeni. Kaboni zote zikibeba haidrojeni kadiri ziwezavyo, mnyororo hunyooka, nasi husema asidi hiyo imeshiba. Minyororo iliyonyooka hulaliana kama kuni katika mzigo, na mafuta huganda. Pale ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu, haidrojeni hupungua na mnyororo hupinda. Kuni zilizopinda hazifungiki vizuri. Ndiyo sababu mafuta ya alizeti hubaki majimaji.

Katika gramu 100 za mafuta ya alizeti, asidi zilizoshiba ni takriban gramu 11. Katika mawese hukaribia 50, na katika nazi huzidi 80. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa asidi zilizoshiba zikiliwa kwa wingi huongeza kolesteroli katika damu, hata kama chupani haikuwamo hata chembe. Hatusemi kwamba mpishi wa pwani aache tui la nazi. Mwili unahitaji mafuta ili kujenga tando za seli na kufyonza vitamini A, D, E na K. Tunasema kiasi kipimwe.

Lipo umbo la tatu. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya njia ya kuongeza haidrojeni katika mafuta ya majimaji ili yagande. Kazi hiyo ikiachwa katikati, baadhi ya minyororo hubaki na kifungo maradufu lakini hunyooka. Haya ndiyo mafuta ya transi. Huongeza kolesteroli mbaya na kupunguza ile nzuri, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 2.2 kwa siku. Si kila mafuta mgando yana transi, maana mengine huganda kwa asili ya mawese tu. Mlaji asome orodha ya viambato: yakitajwa mafuta yaliyoongezwa haidrojeni kwa sehemu, achague mengine. Kisha atafute katika jedwali la virutubishi mstari wa mafuta yaliyoshiba, alinganishe chupa mbili kwa kipimo kilekile.

Mafuta ya kupima hayana jedwali. Hapo baridi yaweza kuwa shahidi. Mafuta yaliyouzwa kwa jina la alizeti yakiganda nusu chupa asubuhi ya baridi ya Njombe, yafaa kushuku kwamba yamechanganywa na mawese. Ukungu mwepesi peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwani alizeti isiyosafishwa sana ina nta yake. Mlaji ahifadhi mafuta hayo na stakabadhi kabla ya kulalamika. Chupa iliyokwisha kutumika haipimiki.

Vifungo maradufu vina udhaifu wake pia: hewa, mwanga na moto huvishambulia, mafuta yakachacha. Vitamini A iliyoongezwa kiwandani nayo huharibiwa na mwanga. Chupa angavu iliyopangwa juani mbele ya duka isinunuliwe. Nyumbani mafuta yafunikwe na kuwekwa kabatini, mbali na jiko, na yaliyokwisha kukaangia hadi yakawa meusi na mazito yasirudishwe sufuriani.