Kukaanga Kahawa Nyumbani

Nchi ya Isiolo ni kavu, walakini haiko mbali na miteremko ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, ambako Wameru hulima kahawa. Mibuni ilipandwa na wamisionari huko Bura, Taita, mwaka 1893, lakini Waafrika wa Meru hawakupewa ruhusa ya kuilima mpaka miaka ya 1930.

Waborana wa Isiolo wana desturi yao ya kale. Hutwaa matunda mazima ya kahawa yaliyokaushwa pamoja na maganda yake, huondoa ncha zake, kisha huyakaanga katika samli. Chakula hicho huitwa buna qalaa, maana yake kahawa iliyochinjwa, nacho huliwa pamoja na dua ya kuomba amani. Bali kahawa ya kunywa hukaangwa buni tupu, zisizo na ganda, na kazi hiyo ina kanuni zake.

Kwanza, kuchagua. Buni zimwagwe juu ya ungo, na zilizo nyeusi, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu zitupwe. Watu wengine hununua buni zenye ukungu kwa kuwa bei yake ni ndogo, wakidhani moto utazitakasa. Sivyo. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo okratoksini, iwezayo kudhuru figo, na moto huipunguza tu, hauiondoi yote.

Pili, mahali. Yafaa jiko liwekwe nje. Moshi wa kahawa ni mwingi, tena makaa yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo yaweza kuua watu wa nyumba nzima.

Tatu, kukaanga. Kikaango kiwe kizito, na buni zisirundikwe. Zikorogwe kwa mwiko bila kukoma. Rangi yake ya kijani itageuka manjano, kisha hudhurungi, na utando mwembamba utaanza kubambuka. Joto likikaribia digrii 200 za sentigredi, buni hualika kama bisi. Hapo kahawa yaweza kunyweka. Apendaye kahawa kali na angoje kidogo. Lakini mlio wa pili ukisikika, na mafuta yakionekana juu ya buni, imekaribia kuungua. Kazi yote huchukua dakika 10 hadi 20. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani kubichi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nne, kupoza. Buni zikiachwa katika kikaango huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Kwa hiyo zimwagwe upesi katika ungo na kupepetwa, zipoe na utando upeperuke.

Hapana budi kujua habari ya uzito pia, maana huleta ugomvi. Kilo moja ya buni mbichi, ikiisha kukaangwa, hubaki kama gramu 800 au 850, kwa sababu maji yamekwenda na mvuke. Basi mtu aliyempa jirani buni zake amkaangie, akarudishiwa uzito huo, asimshitaki kwa wizi. Lakini akirudishiwa nusu kilo, ana haki ya kuuliza.

Mwisho, kuweka. Kahawa iliyokaangwa hutoa hewa kwa wingi siku ya kwanza, kwa hiyo ni vema ipumzike siku moja kabla ya kutwangwa. Baadaye iwekwe katika mkebe wenye kifuniko, mahali pakavu, na itwangwe ile ya kutosha siku hiyo tu. Unga wa kahawa hupoteza harufu upesi, bali buni nzima hudumu wiki kadhaa. Nyumba itakayoshika kanuni hizi haitatupa fedha yake motoni, wala haitamnywesha mgeni kahawa ya kumdhuru.